Huku Saa Inasogezwa, Tanga Iko Palepale

Jumapili ya mwisho ya Machi, ikifika saa 7 usiku, Uingereza nzima inaruka hadi saa 8. Saa moja imekwenda na hakuna wa kumdai. Jumapili ya mwisho ya Oktoba inarudishwa: ikigonga saa 8 usiku, mishale inarudi saa 7 na usiku unaanza kurudia ulichokwisha kupita. Kwa aliyelala, hiyo ni habari ya asubuhi tu. Simu imejirekebisha yenyewe; zimebaki saa ya jiko na saa ya gari, ambazo katika nyumba nyingi hukaa na wakati wa zamani wiki kadhaa mpaka mtu apate moyo wa kutafuta kile kitufe.

Kwa aliye kazini usiku huo mambo ni mengine. Sisi tunaotunza wazee hapa Leeds tunaandika kila kitu: nani amegeuzwa kitandani, nani amekunywa maji, nani amepewa dawa ya maumivu na saa ngapi. Usiku ule wa Oktoba, saa 7 na nusu inakuja mara mbili. Mzee amemeza paracetamol saa 7 na nusu, saa 11 alfajiri anaomba tena, na dawa hiyo haitolewi kabla ya saa nne kupita. Ikiwa alimeza ile saa 7 na nusu ya kwanza, zimepita saa nne na nusu, mpe. Ikiwa ni ile ya pili, zimepita tatu na nusu, na inabidi umshike mkono umwambie avumilie kidogo. Kwa hiyo pembeni ya fomu tunaandika kwa kalamu: "saa ya zamani", "saa mpya". Zamu ya saa 12 nayo imekuwa ya 13. Kama saa hiyo ya ziada inalipwa, inategemea mkataba umeandikwaje, na wengi wetu husoma mkataba kwa makini usiku huohuo kwa mara ya kwanza. Machi zamu inapungua saa moja, na hapo mwajiri hahitaji kukumbushwa na mtu.

Nilipomweleza mama habari hizi, alikuwa barazani kwake Tanga anachambua mchele.

"Wazungu wamesogeza saa, mama. Sasa mmetutangulia saa mbili badala ya tatu."

"Ala! Na jua nalo limekubali?"

"Halikuulizwa."

Alicheka mpaka akaita jirani amsimulie. Na ana haki ya kucheka. Pale Tanga, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka mzima haifiki dakika 40. Mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka asitambue kwamba mchana unarefuka na kufupika. Jua linatoka saa 12 na ushei, linazama saa 12 na ushei, na muuza vitumbua anajua aanze kukoroga lini bila kutazama ukutani. Serikali itakayowaamuru watu wa pale wasogeze saa zao mbele itakuwa imewatafutia usumbufu tu.

Lakini tusijione sisi ndio tunaokwenda na jua kama lilivyo. Kampala na Kigali zimepishana kidogo sana kwa upande wa mashariki na magharibi, yaani jua linazifikia karibu kwa pamoja. Hata hivyo Kigali iko nyuma kwa saa moja, pamoja na Bujumbura, Goma na Bukavu. Kigali jua linachomoza karibu na saa 12 asubuhi. Kampala, kwa saa ya ukutani, linachomoza karibu na saa 1. Kwa maneno mengine, Waganda wako kwenye saa ya kiangazi mwaka mzima, ila hakuna aliyewaambia. Saa ya ukutani popote ilipo ni mapatano ya wakubwa. Tofauti ya Uingereza ni kwamba wakubwa wake wanapatana mara mbili kwa mwaka.

Walianza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ingawa wazo lenyewe lilitangulia. Mjenzi mmoja wa nyumba, William Willett, alikuwa akipanda farasi asubuhi na kuona mapazia ya watu yamefungwa ilhali jua limeshapanda. Mwaka 1907 akachapisha kijitabu cha kulalamikia mwanga unaopotea, akapendekeza saa zisogezwe dakika 80, kidogo kidogo, dakika 20 kila Jumapili ya Aprili. (Hebu fikiria fomu zetu za dawa.) Alipenda pia gofu, na giza lilikuwa likimkatisha mchezo. Bunge likamkatalia, naye akafa mwaka 1915 hajaona matunda. Mwaka uliofuata, 1916, Wajerumani walisogeza saa Aprili ili kubana makaa ya mawe, na wiki tatu baadaye Waingereza wakawaiga. Makaa yale hayana habari tena leo. Saa imeendelea kusogezwa.

Faida yake niliielewa Juni, wala haikuhitaji kuelezwa. Zamu ya mchana inaisha saa 2 usiku, na ukitoka nje jua bado liko juu ya mapaa. Litazama saa 3 na dakika 40 hivi. Watoto wako Roundhay Park na mipira yao, mtu amewasha mkaa nyuma ya nyumba, na wenzetu waliokodi vile vijishamba vya halmashauri wanachuma mchicha na majani ya maboga baada ya kazi, wakibishana nani alipata mbegu nzuri zaidi. Hao ni watu wanaofanya kazi mchana kutwa ndani ya kuta. Bila saa ile ya Machi, jua la Juni hapa lingetoka saa 9 na nusu usiku, kwa faida ya njiwa.

Sasa geuza upande wa pili. Desemba jua la Leeds linatoka saa 2 na dakika 20 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Ukisema basi tubaki na saa ya kiangazi mwaka mzima, tusihangaike, maana yake ni kwamba jua litatoka saa 3 na dakika 20, watoto wakiwa wameshaingia darasani. Waingereza walijaribu hilo tangu mwaka 1968 hadi 1971. Takwimu za barabarani zilionyesha kwamba walioumia asubuhi waliongezeka na walioumia jioni walipungua, na jumla yake ilikuwa nafuu. Lakini Waskoti na watu wa kaskazini waliosindikiza watoto shule gizani hawakutaka kusikia habari ya jumla, na Bunge likarudisha utaratibu wa zamani. Wamarekani nao walijaribu mwaka 1974, wakachoka kabla ya mwaka kwisha.

Madaktari wa usingizi wengi wanapendelea saa ya baridi idumu mwaka mzima, kwa sababu mwili unaamshwa na mwanga wa asubuhi, na ziko tafiti zinazoonyesha kwamba siku chache baada ya saa kusogezwa mbele, mshtuko wa moyo huongezeka kidogo. Sibishani nao, naona nyuso za wenzangu Jumatatu ile. Lakini wazee tunaowatunza hawaathiriki na mshale. Wao huamka pale mwili unapowaamsha, na ile wiki ya kwanza ya Aprili sisi ndio tunaozunguka na uji ukiwa umewahi au umechelewa. Kinachowaumiza ni Novemba. Jioni inaingia saa 10, taa zinawashwa, na wale waliopungukiwa kumbukumbu wanaanza kutafuta makoti yao. Mmoja husimama mlangoni na mkoba kwapani akisema amechelewa, mama yake atamgombeza. Hasira na machozi ya saa hizo tunayajua, tumeyapangia hata mtu wa ziada na chai. Saa ikirudishwa nyuma, jioni hiyo inawahi kwa saa nzima kwenye ratiba yetu, ndani ya usiku mmoja.

Baada ya haya yote, mimi nimekuwa mtetezi wa desturi hii, jambo linalowashangaza jamaa zangu. Mahali ambapo mchana wa kiangazi unafika saa 17 na wa baridi unashuka hadi saa saba na nusu, hakuna saa moja itakayofaa miezi yote. Kusogeza ni kero ya mara mbili kwa mwaka. Kutosogeza ni kero ya miezi mitano mfululizo, chagua ipi. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 ya kuiondoa, na mpaka leo nchi wanachama hazijakubaliana zibaki na saa ipi. Siwashangai.

Gharama yenyewe tunaibeba sisi wenye nyumba mbili. Chukua mambo ya ofisi. Serikali ya Tanzania inafungua saa 1 na nusu asubuhi na kufunga saa 9 na nusu alasiri. Mapumziko yangu ya chakula ni saa 7 mchana. Kiangazi, saa hiyo Tanga ni saa 9, nina nusu saa ya kufuatilia hati ya kiwanja kabla karani hajafunga dirisha. Ikifika Novemba, saa 7 yangu ni saa 10 yao, na simu inaita kwenye chumba kitupu. Mambo ya kiwanja kwa hiyo huenda kwa msimu kama mpunga. Na mama pia: nikitoka zamu saa 2 usiku wakati wa kiangazi, kwake ni saa 4, ameshaswali Isha, ameshakula, anasubiri simu huku akisinzia kidogo. Wakati wa baridi ni saa 5, na wadogo zangu hawaniruhusu kumwamsha. Hakuna mbunge wa Westminster aliyelifikiria hilo alipoinua mkono, na wala hakutakiwa.

Kwenye Ramadhani hesabu huja kwa namna nyingine. Mwaka 2024 saa zilisogezwa tarehe 31 Machi, kumi la mwisho likianza. Ratiba ya msikiti iliyobandikwa kwenye friji ilikuwa na mstari mmoja ambapo safu zote ziliruka kwa pamoja: jana kufuturu saa 12 na nusu na ushei, leo saa 1 na nusu na ushei. Saumu haikurefuka zaidi ya dakika chache, jua liko na mwendo wake, lakini jaribu kumweleza mtoto wa miaka tisa anayefunga kwa mara ya kwanza na macho yake yako kwenye saa ya ukutani. Mwaka 2025 usiku uliokatwa ulikuwa wa kuamkia tarehe 30 Machi, na kwa waliosali Idi siku hiyo, saa iliyopotea ilikuwa ileile ya kupiga pasi kanzu na kusimamia pilau.

Ila vurugu kamili ni vikao vya harusi. Wa Leeds tunabadili Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Binamu yetu wa Minneapolis anabadili Jumapili ya kwanza ya Novemba. Jamaa yetu wa Muscat habadili kitu, ameitangulia Tanga kwa saa moja mwaka mzima. Harusi ni Desemba, kikao kila Jumamosi mtandaoni, na kwa mwezi mzima mtu mmoja anawahi, mwingine anachelewa, wa tatu anauliza "saa 3 ya wapi?" Mwaka jana binamu wa Minneapolis aliingia kwa utulivu kabisa, saa 7 mchana yake kama wiki zilizopita, akakuta Tanga ni saa 4 usiku, dua ya kufunga inasomwa, naye ameshapangiwa gharama za ukumbi.

Baba mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti, alitoa uamuzi papo hapo: kikao ni saa 3 usiku ya Tanga, iwe Juni iwe Desemba, na kila aliye nje apige hesabu zake. Wa Muscat akaunga mkono haraka sana. Binamu alikata rufaa kuhusu ukumbi. Akaambiwa rufaa zinasikilizwa Jumamosi ijayo, saa 3.