Kwa Mpwa Wangu Anayejifunza Injini za Roketi

Malindi

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia unataka kusomea injini za roketi za mafuta ya kimiminika. Sisi wa pwani hii roketi si ngeni kwetu: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapo baharini Ngomeni. Ila roketi ile, Scout, ilitumia mafuta magumu, ambayo yakishawashwa huachwa yawake mpaka yaishe. Wewe umechagua matangi, mabomba, vali na pampu. Moto wake unaweza kuuzima, lakini vya kuharibika ni vingi zaidi.

Kwanza kaa na hesabu ya Tsiolkovsky, Mrusi aliyeichapisha mwaka 1903. Usiikariri tu, ikokotoe kwa mkono. Chukua gesi inayotoka nyuma kwa kilomita 3 kwa sekunde, na safari inayodai kilomita 9 kwa sekunde, pamoja na kinacholiwa na mvutano wa dunia na hewa. Uwiano wa uzito utakuja takriban 20. Yaani tani 20 zikiondoka ardhini, 19 ni za kuchomwa, na ndani ya ile moja iliyobaki uenee wewe na matangi yako, injini yako na mzigo wenyewe. Hapo utaelewa kwa nini roketi za kwenda angani hujengwa kwa hatua, moja ikiisha inatupwa.

Kisha nenda kwenye injekta. Najua nozeli ndiyo inayopendeza kwenye picha, lakini injini hufa au hupona kwenye lile bamba lenye matundu, linalomwaga mafuta na oksijeni ndani ya chemba kama kichwa cha bafu. Matone yakiwa makubwa, hayaishi kuungua. Mchanganyiko ukielemea ukutani, ukuta unayeyuka. Presha ya kabla ya bamba ikikaribiana mno na ya chemba, mtikisiko wa moto unarudi mpaka kwenye mabomba na kuyumbisha mtiririko. Ndiyo maana wasanifu wengi huacha tofauti ya kama asilimia 20 ya presha ya chemba.

Soma habari za F-1, injini ya Saturn V iliyowapeleka Wamarekani mwezini. Mwaka 1962 moja ilijiharibu kwenye majaribio kwa mtikisiko wa moto ndani ya chemba. Wahandisi hawakuwa na kompyuta ya kuwapa jibu. Walilipua mabomu madogo ndani ya chemba injini ikiwa inawaka, wakapima moto unachukua muda gani kutulia, wakabadilisha matundu, wakaongeza kuta fupi juu ya bamba, wakarudia. Waliwasha injini nzima takriban mara 2,000. Saturn V iliruka mara 13 ikiwa na F-1 tano kila safari, na hakuna hata moja iliyofeli. Mimi kazi ile naiheshimu kuliko safari yenyewe ya mwezini.

Kwa hiyo jaribio lako la kwanza liwe la maji. Pitisha maji kwenye injekta, kinga kila tundu kwenye chombo chake kwa muda uleule, pima, andika. Tundu moja likitoa pungufu, litafute kosa lake kabla hujagusa kiberiti.

Na oksijeni ya kimiminika, mwanangu, usiikaribie peke yako. Iko nyuzi 183 chini ya sifuri, lakini baridi si hatari yake kubwa. Alama ya grisi uliyoiacha kwa kidole kwenye vali inatosha kuwaka ndani ya bomba. Fanya kazi na waliokwisha kuishika, kwenye kituo chenye ruhusa, mkiwa nyuma ya ukuta, na vali zifunguliwe kwa mbali. Asiyekubali masharti hayo usifanye naye kazi, hata kama ni rafiki yako.

Kitabu cha Sutton, Rocket Propulsion Elements, kipate, toleo lolote. Sura za uhamishaji wa joto zitakuchosha. Zisome mara mbili.

Ukimaliza kuchora bamba lako, nitumie mchoro kabla hujaupeleka kwa fundi wa kukereza. Andika kipenyo cha kila tundu, na presha uliyoikusudia.

Mjomba wako akupendaye