Winga Wetu kwa Kipa Wao: Dili Linalipa au Tunapigwa?

Leo sina stori za mastaa wa Dar. Stori iko hapahapa Ipyana, Kyela, na majina sitaji. Wahusika wanajijua.

Iko hivi. Timu yetu ya mtaa inataka kumtoa winga wetu wa kushoto aende timu moja ya Kyela mjini, na wao watupe kipa wao namba mbili. Hakuna hela inayotembea, ni mtu kwa mtu. Wiki nzima vijiweni ni hiyo tu, kuanzia kwa kinyozi mpaka kwenye mashine ya mpunga. Nusu wanasema tumelamba dume, nusu wanasema tunapigwa mchana kweupe.

Nitangaze maslahi mapema: huyo winga ni mtoto wa mama yangu mdogo. Kwa hiyo mkiona nimeegemea upande, mjue damu nzito kuliko maji. Ila nitajitahidi.

Tuanze na mpira wenyewe. Wanaopinga wanasema huwezi kumtoa mtu anayejaza uwanja ukachukua mtu anayekaa benchi. Inaingia akilini, lakini hiyo ni hesabu ya majina. Swali la kujiuliza ni nani ana ziada ya nini. Sisi tuna dogo mwingine wa kushoto, ana mbio balaa, kila wiki anavaa jezi na kurudi nayo kavu. Kipa hatuna kabisa. Anayesimama golini ni beki aliyestaafu mbio. Wenzetu wana makipa wawili wazuri na kushoto kwao pako wazi. Hapo kila mmoja anatoa alichozidisha na kupata alichokosa. Kimpira, dili lina akili.

Mkitaka kuona lisilo na akili, kumbukeni Januari 2018. Manchester United walimchukua Alexis Sánchez kutoka Arsenal, wakawapa Henrikh Mkhitaryan. Kwa majina, United walionekana wamewafunga Arsenal kamba. Lakini Sánchez alikuja kucheza kushoto, ambako Martial na Rashford walikuwa tayari wanagombania namba. Akaondoka na mabao 5 katika mechi 45. Waliongeza chumvi kwenye mboga iliyokwisha kolea.

Na hapa nyumbani je? Mwaka 2017 Ibrahim Ajibu alitoka Simba kwenda Yanga, na dirisha hilohilo Haruna Niyonzima akatoka Yanga kwenda Simba. Hawakubadilishwa, kila mtu alisaini kivyake, lakini mitaani tulihesabu kama mtu kwa mtu. Simba wakabeba ubingwa wa 2017/18, wa kwanza kwao tangu 2011/12, na mashabiki wao wakasema mnaona, tumewala. Waliwala wapi? Msimu ule Niyonzima aliandamwa na majeraha, aliyefunga mabao 20 ni Emmanuel Okwi. Kule Yanga, Ajibu akaja kupewa mpaka kitambaa cha unahodha. Halafu 2019 Ajibu akarudi Simba, na msimu huohuo wa 2019/20 Niyonzima naye akarudi Yanga. Sasa niambieni nani alimpiga nani pale.

Ila kinachonikera kwenye dili letu si mpira. Ni kwamba viongozi wa timu zote mbili wamekaa, wamekunywa soda, wamepeana mikono, na winga hajaulizwa. Nimemuuliza mmoja wa wazee wa timu, akanijibu, "Mwanangu, huyo ni kijana wetu, atakataa nini?"

Kwa Wamarekani kwenye besiboli mambo ni hivyo kweli. Timu zikikubaliana, mchezaji anahama na mkataba wake, na wengi hawana kauli. Kukataa ni kwa mwenye kipengele maalumu kwenye mkataba, au aliyecheza miaka 10 ligi kuu na mitano ya mwisho akawa timu hiyohiyo. Lakini wale wanahama na mshahara wao, timu mpya inalipa kilekile kilichoandikwa. Kwenye soka, hata huyo Sánchez alikaa mezani na kusaini mwenyewe, bila saini yake hakuna dili. Sisi tumechukua ubabe wa besiboli, mshahara tumeuacha hukohuko.

Kwa sababu dogo anahama na nini? Ameahidiwa bodaboda ya mkataba. Kwa wasiojua, unapewa pikipiki, unapeleka hesabu kwa tajiri kila wiki, mkataba ukiisha chombo ni chako. Kwa kijana anayebeba magunia ya mpunga na kumsaidia mama kuanika kokoa, hiyo ni ndoto. Mama mdogo ameshaanza kuwaambia majirani.

Nilimfuata dogo mwenyewe jioni, nikamuuliza unaonaje. Akasema, "Kaka, mjini nataka kwenda. Lakini nikivunjwa mguu kwenye ndondo, hesabu ya wiki hiyo analipa nani?"

Wadau, hilo swali kijiweni hakuna aliyeliuliza. Watu wazima wamebishana kuhusu krosi na penalti, dogo wa miaka 21 anawaza mguu wake. Akikaa nje miezi miwili bila hesabu, pikipiki inarudi kwa tajiri, na kila alichokwisha lipa kinakwenda nayo. Timu itatafuta winga mwingine. Yeye atarudi kwenye magunia, safari hii anachechemea.

Msimamo wangu ni huu. Dili lifanyike, ila dogo aitwe kwenye kikao na huyo kipa naye aitwe, maana hata yeye sijasikia mtu akisema ameulizwa. Halafu mkataba wa pikipiki uandikwe, na ndani yake uwepo mstari unaosema akiumia akiichezea timu, hesabu inasimama mpaka apone. Mwenyekiti wa mtaa aweke muhuri. Tajiri akikataa mstari huo, basi alikuwa anatafuta dereva anayejua kupiga krosi.

Haya, nimemaliza. Ungekuwa wewe ndiye winga, ungeenda? Na kama una bodaboda ya mkataba na ulishawahi kuumia, tupe uzoefu wako hapo chini, dogo anasoma kila kitu.