Taruma Hufuata Bodi

Ukiona kimashua cha kuendeshwa kwa rimoti kikikata maji, macho yako aghalabu huenda kwenye rangi, bendera na povu linaloachwa nyuma. Ni nadra mtu kujiuliza kuna nini ndani. Lakini mwulize fundi ye yote wa vyombo, viwe vya kubebea shehena au vya kuchezea, naye atakwambia kwamba uhai wa chombo umo katika mbavu zake. Watu wa pwani wana jina la mbavu hizo. Huziita mataruma.

Nataka leo tuzungumze juu ya mataruma kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi ambayo mzazi na mtoto wanaweza kuifanya mezani kwa vifaa vichache. Pili, nyumbani kwangu kazi hiyo ilifanya lile ambalo maneno yalishindwa kulifanya.

Kaka yangu alifariki dunia huko Mombasa. Kazi yake ilikuwa kuunda mashua za faibaglasi. Mwanawe wa pekee, kijana wa miaka 14, akaja kukaa nasi hapa Nairobi. Alifika na begi la nguo, na kwapani kitu kilichofungwa kwa shuka. Ilikuwa bodi ya mashua ya kuchezea, gamba tupu lenye urefu wa sentimita 90, ambalo babake alikuwa ameliunda asijaliwe kulimaliza.

Kijana hakuwa mtovu wa adabu. Alitusalimu asubuhi na jioni, akala alichopewa, akasoma vitabu vyake. Lakini zaidi ya "shikamoo" na "nimeshiba" hakuwa na neno. Nyanya yake upande wa mama, aliyeko Kisauni, alikuwa ametuma ujumbe kwamba shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka kijana aende kwake, na akipenda asirudi tena Nairobi. Mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba uamuzi huo uwe wake mwenyewe.

Jumamosi moja nilimwomba ruhusa tuimalize ile mashua. Alinitazama kwa muda, kisha akaenda kuileta.

Ukitaka kujua kama bodi inahitaji mataruma, ishike kingo zake kwa mikono miwili uibane kidogo. Yetu ilikuwa na unene wa milimita 2 hivi, nayo ilibonyea kama sanduku la karatasi. Bodi ya namna hiyo itaelea bila shaka. Taabu huanza mota inapowashwa. Bodi ikipinda, shafti ya rafadha hutoka katika mstari wake na kusugua bomba lake. Mota hupata moto, na betri huisha kabla hujafurahi.

Tuliamua kuweka mataruma 5, moja kila baada ya sentimita 15, na kuhakikisha kwamba mawili kati yao yatakuwa mbele na nyuma ya mota ili kuikamata. Usianze na mbao. Anza na kadibodi. Kata kipande kinachokaribia umbo la ndani, ukisimamishe wima, kisha chukua bikari ya shuleni. Ncha ya chuma ifuate bodi, na penseli ichore juu ya kadibodi umbo lile lile. Kata, jaribu, punguza, jaribu tena. Kadibodi ikikaa sawa, ndipo uhamishe mchoro kwenye plaiwudi ya milimita 4.

Hapo ndipo kijana alipofungua kinywa.

"Ami," alisema, "usiikate ikaenea kabisa. Baba alikuwa akiacha nafasi. Milimita 2 kila upande."

Nikamwuliza sababu.

"Taruma likibana, bodi hutokeza kwa nje. Ukishapaka rangi, litaonekana kama ubavu wa mbwa mwenye njaa."

Tangu aje kwetu sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Nayo yalikuwa ya kweli. Mbao ngumu ikigusa gamba jembamba kwa ukingo wake, uzito wote hukusanyika kwenye mstari huo mmoja, na siku mashua itakapogonga jiwe, ufa utaanzia hapo. Nafasi ile ndogo hujazwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na vumbi laini la mbao hadi iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Huisawazisha kwa mgongo wa kijiko, ikawa kona ya mviringo pande zote mbili za taruma, na uzito ukasambaa.

Kabla ya gundi, sugua ndani ya bodi kwa msasa hadi mng'aro utoke, kisha pangusa vumbi. Vaa glavu na kitambaa cha pua, na fanya kazi barazani, kwa kuwa vumbi la faibaglasi huwasha na kudhuru mapafu. Kisha weka fito mbili zilizonyoka juu ya kingo, moja karibu na omo na nyingine karibu na tezi, uchungulie kutoka mwisho mmoja. Zikilingana, bodi haijajinyonga. Usipuuze jambo hili, kwa sababu gundi ikishakauka mataruma huishikilia bodi jinsi ilivyokuwa, iwe imenyoka au imepinda.

Toboa kila taruma katikati ili kupunguza uzito. Archimedes alitufundisha kwamba chombo huelea kwa kusukuma maji yenye uzito sawa na wake, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kila gramu utakayoipunguza kwenye mbao, betri itaipata. Aidha, chini kabisa karibu na mkuku acha tundu dogo, ili maji yatakayoingia yasikwame katikati ya mataruma mawili. Mwisho, paka mbao zote vanishi.

Fundi wa Kizungu aghalabu husimamisha mbavu kwanza, kisha akazivika mbao. Katika desturi ya kale ya Bahari ya Hindi ilikuwa kinyume. Hata mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, mbao zake za ubavuni zilitangulia na mataruma yakafuata. Na hata leo fundi wa Lamu akitaka taruma lililopinda hutafuta mti uliojipinda wenyewe, kwani mti wa namna hiyo ndio wenye nguvu.

Niliyatafakari hayo usiku mwingi, nikimtazama kijana akipiga msasa. Umbo lile lilikuwa la babake, na kazi yangu ilikuwa kulifuata.

Tuliijaribu bodi katika beseni kubwa la kufulia, tukapanga betri na mota chini kabisa ili isipinduke. Ilikaa sawa. Nilipoibana kingo haikubonyea hata kidogo.

Shule zilipofungwa, kijana alifunga begi lake kwenda Kisauni. Mashua hakuichukua. Aliipandisha juu ya kabati, akaifunika kwa ile shuka.

"Ami," akasema mlangoni, "mtu asiifunge sitaha. Usukani tutaweka nikirudi."

Basi msomaji, likizo ijayo tafuta kadibodi, bikari na kipande cha plaiwudi. Usiogope kukata kadibodi nyingi, kwani ikiharibika moja utakata nyingine. Na kama nyumbani kwako kuna kijana asiyezungumza, mwachie yeye ashike bikari.