Mfalme Harushiwi Dadu

Mashindano ya sataranji ya Fischer klabuni kwetu, niliyoyasimamia, nikayacheza na mwishowe nikayashinda, yaliendeshwa kwa bahati nasibu mbovu. Niliitunga mimi. Hakuna aliyenituma.

Bobby Fischer aliutangaza mchezo huo Buenos Aires mwezi Juni 1996 ili kukomesha ukariri: kete za mstari wa nyuma zipangwe kwa bahati, kila mtu aanze kufikiri tangu hatua ya kwanza. Masharti ni mawili. Maaskofu wakae kwenye rangi tofauti, na mfalme awe kati ya ngome zake. Mipangilio inayokubalika ni 960. Wesley So alipomchapa Magnus Carlsen 13.5 kwa 2.5 kwenye fainali ya dunia ya 2019 kule Norwe, klabu nzima ikaupenda, na kazi ya kupanga nikapewa mimi, eti ndiye mtu wa hesabu.

Nikajiambia: mfalme hawezi kukaa kona, kwa hiyo ana nyumba sita, b hadi g, na dadu ina pande sita. Nini tena? Nikamrushia yeye kwanza, kisha ngome kushoto na kulia kwake, halafu waliobaki. Maaskofu wakiangukia rangi moja, narudia hao tu. Lakini mfalme akiwa b, ngome ya kushoto ina nyumba moja na ya kulia sita: njia sita. Akiwa d, ni tatu mara nne, njia 12. Ukishapanga na kete nyingine, mfalme wa b ana mipangilio 108 kati ya 960, wa d ana 204. Dadu yangu iliwapa wote sawa, kana kwamba kila mmoja ana 160. Wafalme wa b na g wakawa na nafasi karibu mara moja na nusu ya haki yao.

Na huko ndiko nilikokuwa hodari. Mfalme akianza g, ngome ya kulia lazima iwe h. Ukifika wakati wa wawili hao kuhama pamoja, yeye hasogei hata kidogo, ngome inamruka na kutua f. Niliizoea hali hiyo nyumbani, maana mazoezi yangu niliyapanga kwa utaratibu ule ule.

Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona wafalme wanapenda pembeni hivi?"

"Dadu haina ndugu," nikamjibu. Watu wakacheka, akanyamaza. Kwa raundi chache vile, huenda alichokiona kilikuwa bahati tupu, ila swali lilikuwa la haki. Usiku nikakaa na karatasi, nikaona nilipokosea. Raundi zilikuwa bado. Sikusema kitu.

Njia sahihi ipo: askofu wa nyumba nyeupe kwenye nyumba nne, ukipata tano au sita unarusha tena, wa nyeusi vivyo hivyo, malkia kwenye sita zilizobaki, farasi wawili kwenye tano. Zinabaki tatu: ngome, mfalme, ngome. Mfalme harushiwi dadu kabisa. Mashindano yaliyofuata nikaitumia hiyo, na walipouliza kwa nini nimebadili, nikasema ni ya haraka zaidi. Uongo huo ndio unaoniuma kuliko hesabu yenyewe.

Kombe liko kabatini kwangu. Jumamosi nalirudisha klabuni pamoja na karatasi ya hesabu, na yule kijana nitamwomba radhi mbele ya wale wale waliomcheka.