Kurudi, Kurudishwa na Kwao

Kiingereza kina vitenzi vingi vya kurudi, na kila kimoja kina mahali pake pa kusimama. Anayesema "come back" amesimama kule mtu anakorejea. Anayesema "go back" amesimama kwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa "bring back" na "take back". Wanafunzi wetu hujifunza tofauti hiyo kwa ajili ya mtihani, kisha huisahau. Mwaka jana niliwapeleka baadhi yao Bagamoyo, katika viwanja vya misheni ya Kikatoliki, tukauona mnara unaoitwa mnara wa Livingstone. Mmoja wao akaandika katika taarifa yake kwamba mwili wa Livingstone "was brought back to England". Mwenzake alipousoma mstari huo akaniuliza: "Dokta, sisi tuko Bagamoyo. Kwa nini tuandike kana kwamba tumesimama London tunausubiri mwili ufike?"

Ni swali la sarufi, lakini si la sarufi peke yake. Lugha tunayoandikia taarifa za serikali, tasnifu na mikataba inatutaka tuchague mahali pa kusimama kila tunapotaja marejeo, na aghalabu tunachagua pale alipokuwa amesimama mwandishi wa kitabu tulichosoma.

Kiswahili hakijishughulishi na jambo hilo. Kurudi ni kurudi, uwe unakuja au unakwenda. Vitenzi vyetu vikuu viwili, kurudi na kurejea, vyote ni vya asili ya Kiarabu, kwa hiyo asitokee mtu wa kujivunia usafi wa Kibantu katika suala hili. Lakini kuna neno dogo la Kibantu tunalopenda kuliambatisha na vitenzi hivyo, nalo ndilo linalobeba uzito: kwao. Aliyerudi mjini amerudi tu. Aliyerudi kwao amerudi kwenye watu, makaburi, madeni na urithi. Hata mahali pasipohama mtu, marejeo yana mwenyewe. Huku mwambao, mume aliyetoa talaka rejea akimrudia mkewe kabla eda haijaisha, husemwa amemrejea, ingawa huenda mke hajatoka nyumbani hata siku moja. Kilichorudi ni hadhi yake, na kila jirani anajua imerudi kwa nani.

Tukiipima safari ya Livingstone kwa neno hilo, picha inabadilika. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, wakiongozwa na Abdulla Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Aprili 18 mwaka huo akazikwa Westminster Abbey. Livingstone alirudishwa kwao. Kitenzi kimetimia, hata kama moyo ulibaki Chitambo.

Na wabebaji je? Wengi walilipwa ujira wao wakatawanyika. Katika mazishi, miongoni mwa waliokuwa kwenye msafara huo alikuwepo Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha. Wainwright alikuwa Myao. Utotoni alitekwa na kuuzwa, akaokolewa na meli ya Waingereza, akapelekwa Nasik nchini India kusomeshwa, kisha "akarudishwa Afrika". Tazama sentensi hiyo ilivyo nyepesi. Hakuna mtu ambaye kwao ni Afrika. Kwao ni kijiji, ni ukoo, ni mama fulani. Wainwright alifariki Urambo mwaka 1892. Chuma na Susi walifia Zanzibar. Hakuna hata mmoja aliyeishia alikozaliwa.

Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ilijaa watu wa namna hiyo. Watoto walikombolewa kwa fedha sokoni Zanzibar, wakavushwa hadi bara, wakafundishwa kazi na dini, wakaozwa, wakapewa mashamba kando ya misheni. Vitabu husema walirudishiwa uhuru. Sipingi. Ila walirudishiwa hali bila kurudishwa mahali, na nadhani historia yetu ya kukomeshwa kwa biashara ya watumwa imekubali mapema mno kwamba la kwanza linatosha kulipia la pili.

Hapo ndipo nataka watumishi wa umma wanisikilize zaidi, maana vitenzi hivi viko mezani mwao sasa hivi.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 una kifungu cha 246 chenye sentensi mbili zinazofuatana. Ya kwanza inahusu Kurani ya Khalifa Uthman iliyoondolewa Madina: Ujerumani iirudishe kwa Mfalme wa Hijaz, na kitenzi kilichotumika ni "restore". Ya pili inahusu fuvu la Mkwawa: kitenzi ni "hand over", yaani kukabidhi, na wa kukabidhiwa ni serikali ya Mfalme wa Uingereza. Kifungu kimoja, muda uleule wa miezi sita, lakini kitu kimoja kinarudi na kingine kinabadilisha mikono. Wahehe hawatajwi. Waliotunga maneno hayo hawakuwa watu wa kukosea kitenzi; Uingereza ndiyo iliyokuwa imeiteka nchi kutoka kwa Wajerumani, na ilijua tofauti kati ya kurudisha na kupokea.

Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen mwaka 1953, fuvu likachaguliwa kwa vipimo na kwa tundu la risasi, na Juni 19, 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Hadi leo wapo wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe. Lakini muulize mtu yeyote wa Iringa kilichotokea siku ile, atakwambia fuvu lilirudishwa. Kiswahili kimesahihisha mkataba bila kuitisha mkutano.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea. Mwaka huohuo watafiti wa Berlin walitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umewatambua jamaa walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro. Mangi Meli alinyongwa Machi 2, 1900, na kichwa chake bado kinatafutwa. Kwa hiyo hati zitaandikwa, na zitaandikwa kwanza kwa Kiingereza. Tusidhani vitenzi vitakuwa vya bahati nasibu. Mwaka 2024 dhahabu ya Waashanti iliyoporwa katika karne ya 19 ilifika Kumasi kutoka makumbusho mawili ya London kwa mkopo wa miaka mitatu. Magazeti mengi yalitumia lugha ya kurudi. Mkataba ulikuwa wa kuazima, na aliyeazimwa ndiye mwenye mali.

Pendekezo langu ni dogo na halina gharama. Rasimu ya kwanza iandikwe kwa Kiswahili, na baada ya kila "kitarudishwa" liandikwe jina: kwa ukoo gani, kijiji gani, nani atapokea. Si "kwa Tanzania" pekee. Serikali inaweza kuwa mlango, ila Old Moshi wana haki ya kujua kama kinachorudi kitafika kwao au kitaishia kwenye kabati la kioo Dar es Salaam, mbali na mgomba ambao familia imekwisha kuuchagua kivuli chake. Na wanasheria waepuke kuiita "hati ya makabidhiano". Hiyo ndiyo karatasi tunayosaini tunapoachiana ofisi, funguo na gari la idara.