Kuni za Treni ya Kindu

Wewe uliyeko mwaka wa pili hapo Chuo Kikuu cha Kindu, unayelalamika kila jioni kwamba hakuna profesa anayekushirikisha katika utafiti wake, vuta kiti nikusimulie sisi tuliupataje. Sisi hatukuwa na chuo kikuu mlangoni. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi vikawa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, na masomo ya historia na ya lugha yakakusanywa Lubumbashi, mbali na mto wetu, katika mji wa vumbi jekundu na moshi wa kiwanda cha shaba uliokuwa ukiwasha koo kila upepo ulipogeuka. Majina makubwa tuliyakuta huko. Mudimbe alikuwa kitivo cha fasihi, Vellut na Jewsiewicki walikuwa kwenye historia, na kitabu cha Jan Vansina juu ya mapokeo ya mdomo, kilichotoka 1961, kilipita mkono hadi mkono mpaka jalada likang'oka. Kila mwanafunzi alitamani kufanya kazi na mmoja wa watu wa aina hiyo. Sisi tulikuwa wengi, wao wachache, na mbele ya milango yao kulikuwa na foleni kama ya sukari.

Niliwaona wenzangu wakisimama pale koridoni na kusema maneno yale yale: profesa, naomba nafasi ya kufanya utafiti. Walijibiwa kwa tabasamu na kwa ahadi, basi. Mimi nilimwendea asistanti mmoja, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyogeuka manjano kwa sigara, nikamwendea na swali. Darasani tulikuwa tumesoma kwamba reli ya kampuni ya CFL kutoka Kongolo hadi Kindu, kilomita 355, ilimalizika mwisho wa 1910, kwa sababu maporomoko ya Lualaba hayakuruhusu meli kupita sehemu hiyo. Na kwamba Wabelgiji waliuita mji wetu Kindu-Port-Empain, kwa heshima ya baroni aliyeleta mtaji. Yote hayo yalikuwa vitabuni. Lakini magarimoshi yale yalikuwa yakila kuni, na meli za kutoka Kindu kushuka Ubundu nazo zilikula kuni, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Nikamwuliza: nani alizikata? Aliiweka sigara yake pembeni, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama wako wazee wa wakati ule ambao bado wanapumua. Nikamwambia wako, na wengine ni wa ukoo wetu. Hakuniuliza alama zangu. Alitoa karatasi akaandika kichwa cha kazi pale pale, akasema nikirudi na ushahidi wao atanisimamia mwenyewe. Yeye alikuwa amesoma vitabu ambavyo mimi sikuwahi hata kuviona, ila hakuwa na mtu hata mmoja wa kumgongea mlango kwetu Kindu, katika mtaa wa Mikelenge.

Likizo kubwa ya 1974 nikapanda treni: Kamina, Kabalo, Kongolo, kisha nyumbani. Behewa letu lilinuka mawese, jasho na ndagala waliokaushwa Kalemie, na mama aliyekaa mbele yangu, mwenye uso mpana wenye chanjo, alinilisha mihogo ya kuchemsha njia nzima bila kuniuliza mimi ni nani. Wakati huo gharama za maisha zilikuwa zimeanza kupanda. Novemba ya 1973 serikali ilikuwa imewanyang'anya wafanyabiashara wa kigeni maduka yao na kuwagawia wenyeji, na baada ya miezi michache rafu zikabaki tupu. Daftari nililozoea kununua makuta matano, Kindu niliuziwa kumi na tano. Betri hazikupatikana kwa bei yoyote, kwa hiyo kinasa sauti nilichoazimwa na wenzangu kililala sandukuni na mimi nikaandika kwa mkono. Leo nasema ilikuwa heri. Mzee akikuona unaandika polepole, naye hupunguza mwendo, hurudia, hukusahihisha.

Mzee wa kwanza aliishi Mikelenge, jicho moja limefunikwa na utando mweupe, kofia ya reli bado kichwani. Nilimpelekea chumvi na kipande cha sabuni, maana kwa mkubwa hakuendwi mikono mitupu. Nilipomwuliza habari za kuni hakujibu. Aliinuka, akachukua fimbo, akachora uani mraba wa mita moja kwa mita moja, akasimamisha fimbo pembeni kuonyesha urefu wa kwenda juu. Hiyo ni steri, akasema. Kapita, msimamizi wetu, alikuja na kijiti chake cha kupimia. Rundo likipungua upana wa viganja viwili, alilisukuma kwa mguu likaanguka, na siku hiyo hulipwi. Alinionyesha na mguu wenyewe ulivyosukuma. Baadaye nilivuka mto kwa mtumbwi wa Wagenia, makuta mawili kwenda, nikamkuta bibi mmoja wa mtaa wa Alunguli akipepeta mchele. Yeye hakuwa na maelezo marefu. Alikishika kidole changu akakipeleka kwenye paji la uso wake, juu kidogo ya nyusi, na nikakuta bonde jembamba katika mfupa, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ni ukamba wa mzigo, akaniambia. Waume walikata, sisi tukabeba mpaka relini, na jina la mwanamke halikuandikwa katika kitabu cha malipo. Hilo sikulikuta katika maandishi yoyote ya kampuni ya reli niliyoyasoma baadaye.

Kazi ngumu ilikuwa miaka. Wazee hawakuhesabu kwa kalenda, walihesabu kwa mambo. Nilijifunza kuuliza: je, ilikuwa kabla ya vita ya Tabora au baada yake? Hapo napata 1916, mwaka vijana wengi wa Maniema walipobebeshwa mizigo ya jeshi la Wabelgiji kwenda kupigana na Wajerumani. Je, homa kubwa ya mafua ilikuwa imepita? Hapo napata 1918. Bibi wa Alunguli alikuwa akinyonya wakati Waarabu wa Nyangwe waliposhindwa na Wabelgiji, nami nikaandika mwanzo wa 1893. Katika daftari niliweka upande wa kushoto maneno ya mzee kama alivyoyasema, upande wa kulia tukio la kulinganisha na jina la shahidi wa pili. Kama hakuna wa pili, niliacha pengo. Mapengo hayo ndiyo asistanti wangu aliyoyasifu kuliko ukurasa mwingine wowote.

Ofisi moja iliyokuwa na makaratasi ya zamani ilinifungia mlango. Karani aliutazama mhuri wa chuo, akauliza mhuri wa chama tawala uko wapi. Sikugombana naye. Nilirudi Lubumbashi na madaftari yangu, na kutoka siku hiyo niliitwa kwenye mikutano ya watafiti, nikakaa nyuma, nikasikiliza namna wanavyobishana, nikapewa kazi ya kunakili mahojiano ya wengine. Utafiti niliufundishwa huko zaidi kuliko darasani.

Sasa wazee wangu wote wamezikwa. Walioona waasi wa Simba wakiingia Kindu Julai 1964, na mamluki wa serikali wakiingia Novemba ya mwaka ule ule, wanazidi kupungua, na wengi wao hawajaulizwa neno na mtu yeyote mwenye kalamu. Na wewe una jambo lililo karibu zaidi. Mji ulipotekwa na waasi wa RCD Oktoba 1998, na treni ikanyamaza kwa miaka, Kindu ilipataje chumvi na sabuni? Wako watu waliosukuma baiskeli zenye mizigo porini, majuma kwa majuma, ili mji usife. Nani aliwakopesha? Walilipa nini kwenye vizuizi? Wangapi hawakurudi? Andika maswali hayo, tafuta mashahidi wawili watatu, kisha ndipo ugonge mlango wa profesa wako. Mjomba wako wa mtaa wa Kasuku alikuwa mmoja wa wasukumaji hao. Anza naye Jumapili hii.