Kitambaa Kichwani, Sigara Nyumbani

Hebu leo tuongee juu ya kitambaa. Siyo vile vitenge vya kutoka Kongo vinavyowafanya kina dada wakope mpaka mshahara wa mwezi ujao. Naongelea kitambaa cha kichwani, tena cha bei chee, kile cha mraba cha rangi ya chungwa ambacho Kalasinga wanakupa bure mlangoni ukiingia kwenye hekalu lao kichwa wazi.

Maana sisi vijana wa mjini tuna ugonjwa mmoja. Tukiona watu wengi, ngoma inalia na chakula kinagawiwa, basi vichwani mwetu tayari ni tamasha. Tunavaa kama tunakwenda kujirusha, simu juu juu, na mtu akisema "dada, samahani" tunamjia juu: kwani barabara ya baba yako?

Mimi naishi Southall, magharibi ya London. Ukishuka kwenye treni pale, jina la stesheni limeandikwa kwa Kiingereza na Kipunjabi, na harufu ya bizari inakupokea kabla hata hujatoa tiketi. Chumba nimepanga kwa bibi mmoja wa Kikalasinga ambaye mtaa mzima unamwita Biji, yaani mama. Siku ya kwanza nilimsalimu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Akanitazama, akauliza, "Wewe natoka wapi? Dar? Sasa kwa nini nasumbua mdomo? Sema Kiswahili!" Kumbe mama wa watu kazaliwa Nairobi, baba yake fundi seremala wa reli. Waliondoka mwaka 1968, wakati Waasia wenye pasi za Uingereza walipokuwa wanagombania ndege kabla sheria ya Machi mwaka ule haijawafungia mlango. Kiswahili chake ni kile cha dukani na gereji, lakini matusi anayajua yote. Sasa nimemfundisha na shikamoo. Anaitikia "marahaba" kwa mbwembwe kama mzaliwa wa Tanga.

Kila Aprili, Kalasinga wa Southall wanafanya maandamano yao ya Vaisakhi. Yanaitwa nagar kirtan, maana yake nyimbo za dini zinazopita mjini. Wanakumbuka mwaka 1699 pale Anandpur, Guru Gobind Singh aliposimama mbele ya umati na upanga, akauliza nani yuko tayari kutoa kichwa chake. Wakajitokeza watu watano, mmoja mmoja, na ndiyo ikazaliwa jumuiya ya Khalsa. Nawaomba mkishike hicho kisa cha vichwa, tutakirudia.

Kitu ambacho wageni wengi hawakijui ni hiki: anayetembezwa barabarani siku ile siyo mtu. Ni Kitabu. Guru huyo huyo alipokaribia kufariki mwaka 1708 alisema baada yake hakutakuwa na binadamu mwingine wa kurithi kiti, Guru atakuwa Kitabu chenyewe, Guru Granth Sahib. Kwa hiyo Kitabu kinakaa juu ya gari lililopambwa maua, chini ya paa la kitambaa cha thamani, na pembeni mtu anapunga usinga kama anavyofanyiwa mfalme. Mbele wanatembea wanaume watano wenye panga, kuwakumbuka wale watano wa mwanzo. Na mbele yao hao watano, watu wengine wanafagia lami na kunyunyiza maji. Wanafagia barabara ya London, jamani, wengine pekupeku, ili Kitabu kipite pasafi.

Ukilielewa hilo, suala la mavazi halihitaji mhadhara. Likipita lile gari umesimama mbele ya mfalme, basi.

Jumamosi usiku, mwaka 2024, Biji aliniweka kitako jikoni huku akikanda unga wa chapati. "Rafiki yako nakuja kesho? Mwambie kichwa funika. Mwanaume pia funika. Ile kofia ya mpira, hapana. Mkono funika, mguu funika. Sigara bakisha nyumbani, siyo ficha kwa mfuko. Na pombe, hata ya jana usiku, harufu mimi nasikia." Nilicheka, lakini hakuwa anatania. Kwa mtu aliyeingia Khalsa tumbaku ni mwiko mkubwa, na kusimama na sigara kando ya Kitabu kinapopita ni kama kwenda na kiti moto kwenye Maulidi.

Nikamtumia shoga yangu ujumbe, neno kwa neno. Akajibu "poa".

Basi asubuhi shoga huyo hapo, katokea Woolwich. Kaptula ya jinzi, blauzi inayoishia juu ya kitovu, miwani nusu ya uso. Baridi ya Aprili ile, mwenzenu kitovu nje! Kapendeza, sikatai, ila kapendeza kwa mahali pengine. Biji hakusema kitu. Aliingia chumbani, akatoka na suruali pana ya Kipunjabi na ushungi mrefu wa rangi ya zambarau, akampa kwa mikono miwili huku anatabasamu. Shoga akavaa ile suruali. Ushungi akauning'iniza shingoni kama skafu.

Hapo ndipo nikaanza kusikia tumbo linanicheza.

Tulifika South Road watu wamejaa mpaka kwenye ngazi za maduka. Spika zinaimba, watoto wamevalishwa vilemba vidogo vya bluu na chungwa, vijana wanaonyesha gatka, ule mchezo wao wa panga na fimbo. Shoga akanishika mkono: "Mama yangu, hawa polisi hawawakamati?" Hawawakamati. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kubeba kisu hadharani kwa sababu ya dini yake. Basi hofu ikamtoka, ikaingia simu. Akawa anakimbilia mbele kupiga picha, mgongo kauelekeza kwenye gari la Kitabu, midomo kaibinua. Kijana mmoja wa kujitolea, kilemba safi, Kiingereza laini, akaja akamwambia: dada, samahani, tunaomba ufunike kichwa, Kitabu kinakaribia.

Shoga akawaka. Eti yeye siyo dini yao. Eti barabara ni ya manispaa na kodi analipa. Eti haya ndiyo mambo ya kuwakandamiza wanawake. Yule kijana akainamisha kichwa, akasema samahani tena, akaondoka. Tukabaki wawili tunabishana kwa Kiswahili katikati ya Wapunjabi, na mabibi wawili watatu waliokuwa jirani wakageuka kwa pamoja. Nikajua hao nao ni wa Nairobi, wanasikia kila neno.

Nilimwambia yangu. Kwanza, aliyeambiwa funika kichwa siyo mwanamke, ni kila mtu. Mzungu mwenye upara aliyesimama kando yetu alikuwa kajifunga leso ya chungwa kichwani, na hakuna aliyemwona kakandamizwa. Pili, hawa Kalasinga mwongozo wao wa maisha uliopitishwa mwaka 1945 unasema haifai mwanamke wao kuficha uso kwa shela. Kichwa kifunikwe, uso uonekane. Sasa ukandamizaji uko wapi hapo? Tatu, wewe mwenyewe dada, kwenu Kariakoo ukienda msibani na kaptula utaingia? Si utatafutiwa khanga mbili hata kabla hujalia? Na humwambii mfiwa kwamba uchochoro ni wa manispaa!

Akasema nimekuwa Mhindi. Akanirushia ule ushungi, akakata kona kuelekea stesheni, suruali ya Biji kaondoka nayo.

Yapo mambo ambayo sikumwambia, kwa sababu siyo yangu ya kusema kwa hasira barabarani. Marehemu mumewe Biji alikuja Uingereza na kilemba chake kutoka Nairobi. Kiwanda cha kwanza, hakuna kazi. Cha pili, hakuna. Cha tatu wakamwambia wazi: nywele zikikatwa, Jumatatu unaanza. Ilikuwa miaka ile ile ambapo kule Wolverhampton dereva wa basi alirudishwa nyumbani mwaka 1967 kwa sababu ya kilemba na ndevu, na ilibidi watu waandamane na kuvutana mpaka Aprili 1969 ndipo marufuku ikaondolewa. Mzee hakuwa na miaka miwili ya kusubiri. Alikuwa na mtoto. Akakata. Biji anasema alizifunga zile nywele kwenye kanga yake ya Mombasa, na usiku ule hakuna aliyekula. Kazi akaipata kweli. Miaka saba hakutaka kusimama mstari wa mbele kwenye maandamano, alikuwa anatazama kutoka mbali kama mdaiwa. Baadaye akaziachia tena, akafunga kilemba, na kufikia mwaka 1976 sheria ikawaruhusu hata kuendesha pikipiki na kilemba badala ya helmeti.

Kwa hiyo Biji anapokupa ushungi, wewe unaona kitambaa cha paundi mbili. Mwenzio anaona mshahara, anaona kichwa cha mumewe. Na usisahau wale watano wa 1699. Watu walioitikia walipoulizwa nani atatoa kichwa, leo wanakuomba ukifunike tu kwa saa tatu, tena kwa kitambaa chao, nawe unagoma!

Nyumbani wengi wetu tunawajua kwa utani tu: fundi Kalasinga, gereji ya Kalasinga, vituko vya Kalasinga. Wazee watakukumbusha Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976, kilemba kichwani. Na aliyewahi kusafiri kwa gari kati ya Mombasa na Nairobi analijua hekalu la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, ambapo dereva wa lori, mbunge na mpiga debe wanakaa pamoja wanakula bure. Tumekula dengu zao miaka nenda rudi bila kuuliza wanaamini nini. Sijui ni aibu au ni uvivu.

Chakula nacho kina adabu zake, tena hapo ndipo wageni wanaaibisha kuliko hata kwenye nguo. Siku ile njia nzima ni meza: sambusa, dengu, wali, chai ya maziwa, maji ya chupa, hadi piza, vyote bila nyama ili mtu wa dini yoyote ale. Hakuna anayekuuliza jina. Unapokea kwa mikono miwili, unachukua kinachokutosha, ukimaliza unaongezwa. Lakini nimemwona kijana mmoja, na lafudhi yake ni ya kwetu, anajaza mfuko wa plastiki kama anahama, halafu sambusa alizong'ata nusu anazitupa chini ya mti. Bibi wa watu aliyeamka saa tisa za usiku kukaanga anatazama. Huyo hata ungemvika joho mpaka kwenye vidole, kwangu yuko uchi.

Gari la Kitabu lilipofika usawa wetu, Biji alivua viatu. Miaka sabini na kitu, magoti mabovu, lami baridi kama barafu. Nilitaka kumzuia, akanipiga kofi la mkono. Tukasimama.

Jioni, miguu yake iko kwenye beseni la maji ya moto, akauliza, "Rafiki yako nakula?" Nikamwambia aliondoka mapema, alikuwa na kazi. Akanitazama kwa muda, maana wale mabibi wa barabarani walishamfikia. Akasema, "Mtu natoka Woolwich mpaka hapa, nakwenda na njaa?" Akaniamuru nifunge chapati sita na dengu kwenye foili, na ule ushungi wa zambarau akaukunja juu yake.

Jumatatu nikapanda treni mpaka Woolwich. Shoga alifungua mlango nusu, hakunikaribisha. Suruali ya Biji ilikuwa imefuliwa, imeanikwa kwenye kiti nyuma yake. Nilimwambia tu huu ni mzigo wako kutoka kwa Biji. Akatazama ile foili, ikiwa bado na joto kidogo, akaipokea kwa mikono miwili.